Gitaa la mtumba Mombasa: nikague nini kabla ya kulipa?

Mwana_Likoni: Salaam jamani. Naanza gitaa, bajeti shilingi 15,000. Nimeona moja la nyuzi za chuma Mwembe Tayari. Nikague nini? Na vidole vikiuma, naweza kuweka nyuzi za nailoni?

FundiNyuzi: Yakhe, nenda na rula ya milimita na karatasi ya A4. Kwanza lityuniwe E A D G B E. Nyuzi zikilegezwa kasoro hujificha. Freti ni vile vijiti vya chuma vilivyolala shingoni, huhesabiwa kuanzia kichwani. Pima freti ya 12, kutoka juu ya freti hadi chini ya uzi mnene. Milimita 2 hadi 2.5 ni sawa, 4 ni mateso.

Nyuzi zikiwa juu mno, tafuta sababu. Bonyeza uzi mnene freti ya 1 na ya 14 kwa pamoja, utazame freti ya 7: kati ya uzi na freti zipite karatasi mbili au tatu. Zikipita nyingi, shingo imepinda, na skrubu iliyo ndani yake huirekebisha, robo mzunguko kila mara. Shingo ikiwa sawa, angalia kipande cheupe juu ya daraja, ule ubao uliogundishwa tumboni mwa gitaa unaoshika nyuzi. Ukikisugua milimita 1, freti ya 12 hushuka nusu milimita tu. Kama kimeshasuguliwa chote na nyuzi bado ziko juu, liache hapo hapo, hata akikupunguzia nusu bei.

BintiKisauni: Ongeza: chomeka pembe ya karatasi nyuma ya daraja. Ikiingia, gundi imeachia, pengine lilikaa kwenye gari juani. Na plaiwudi isikutie haya. Kwa unyevu wetu huu haivimbi upesi kama ubao mzima. Chungulia ukingo wa tundu la sauti: ukiona tabaka, ni plaiwudi.

FundiNyuzi: Nailoni usiweke; mvuto wake ni mdogo, ubao wa mbele wa gitaa hautatikisika vya kutosha, sauti itafifia. Kinyume chake ni kibaya zaidi: chuma kwenye gitaa la klasiki, lile lililoundwa kwa nailoni, huweza kung'oa daraja. Nunua seti nyembamba ya chuma, ya 10 badala ya 12 (namba ni unene wa uzi mwembamba kuliko yote, kwa sehemu za elfu za inchi).

Mwana_Likoni: Shukran. Na kutu? Nakaa karibu na ufuo.

BintiKisauni: Pangusa kila uzi kwa kitambaa kikavu ukimaliza kupiga, juu na chini. Nyuzi zilizopakwa utando ni ghali ila hudumu zaidi. Usilitundike dirishani, upepo una chumvi. Lifunge kwenye mfuko wake, utie vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

FundiNyuzi: Na usilipe kabla hujabonyeza kila freti kwenye kila uzi. Ikilia *zzz* mahali pamoja tu, freti moja imeinuka, fundi huisawazisha. Ikilia kote, rudi kwenye shingo.