Punda kala chakula cha vifaranga, miguu inayumba

PundaWaMaji
Wakuu, habari za jioni. Niko nje kidogo ya Singida, nina vifaranga 200 wa nyama na punda mmoja wa kuchotea maji. Jana mtoto aliacha mlango wa stoo wazi, punda akaingia akachana mfuko wa stata. Namtoa, ameshapiga kama ndoo ndogo nzima. Leo kagoma kula, shingo imelowa jasho, miguu ya nyuma inayumba kama katoka kilabuni. Kwenye lebo wameandika monensini, miligramu 100 kwa kilo. Hiyo si kinga ya kuhara damu tu? Kuku wanaila kila siku na wako fiti. Nimpe maziwa, au nimtembeze tumbo lifunguke?

Koleo
USIMTEMBEZE mkuu. Aache hapohapo alipo, mtafutie kivuli, msogezee maji, halafu mpigie daktari wa mifugo sasa hivi.

Nimechanganya chakula cha kuku miaka tisa. Hiyo dawa inabeba sodiamu na kuiingiza ndani ya seli. Kijidudu cha kuhara damu kinavimba, kinakufa. Kwa jamii ya farasi inashambulia misuli, na moyo nao ni msuli. Kuku anahimili hadi karibu miligramu 200 kwa kila kilo ya uzito wake. Farasi, miligramu 2 au 3 tu kwa kila kilo yake zinamuua, na punda mhesabu humohumo. Wako tuseme ana kilo 150: kilo tatu za stata ni miligramu 300, ameshafika kwenye 2. Ndoo yako inabeba kilo ngapi?

Maziwa hayatasaidia. Dawa ya kuiua sumu hii haipo. Akiwahiwa mapema, daktari humpitishia mkaa wa dawa tumboni kwa mpira.

MamaBroila
Nami niliumia kwa hiyohiyo, ila kwa kuku. Walishikwa na mafua, nikawawekea tiamulini kwenye maji huku chakula kina monensini. Kesho yake wamelalia vifua, miguu imenyooka nyuma. Kumbe tiamulini inalizuia ini kuiondoa. Siku hizi nasoma lebo kabla ya dawa yoyote. Kaka Koleo, nyie mnaoishika ikiwa kavu mnafanyaje?

Koleo
Dada, ile ya kuchanganyia ina gramu 200 za dawa kwenye kilo moja, hatuifungui bila barakoa, glavu na miwani. Vumbi lake linawasha macho balaa. Mbwa wa mlinzi wetu alilamba iliyomwagika, siku mbili hakumaliza.

PundaWaMaji
Asanteni. Daktari kafika saa nne usiku. Ndoo tumeipima: kilo nne na nusu. Mkaa kasema muda umepita, kamwekea dripu. Kausikiliza moyo mara tatu, kasema unaruka mapigo, na hata akipona nisimpandishe mzigo mpaka arudi kumpima, maana moyo unaweza kugoma wiki kadhaa baadaye. Asubuhi hii kasimama, kanusa majani, hajala. Maji nimeyafuata mwenyewe kwa baiskeli, madumu manne.