Ulinganisho: paneli za LED, taa za kumulika dari, au mchanganyiko? Ofisi ya mita 12 kwa 8

Mtaa_wa_Posta
Wakuu, habari za kazi. Ofisi yetu ipo Posta, Dar. Ni chumba kimoja, watu 16, dari la mbao za zamani zilizopigwa vanishi ya kahawia, kimo mita 3.1. Taa ni tyubulaiti za wati 36, mbilimbili kwenye maboksi 20, bado za choki nzito (kile kifaa cha chuma kinachodhibiti umeme wa tyubu). Mchana kutwa zinawaka na bado watu wanalalamika giza.

Nina mapendekezo matatu mezani. La kwanza, dari libaki lilivyo, tufunge paneli za LED. La pili, dari lipakwe nyeupe na taa zote za kuning'inia zimulike juu tu, mwanga uturudie kutoka darini. La tatu, dari jeupe, taa zinazomulika juu na chini, halafu kila meza na taa yake ndogo. Fundi wa pendekezo la pili anasema hakuna linalookoa umeme kuliko hilo. Naomba mnisaidie kulinganisha.

Mhandisi_Nuru
Mkuu, hapo fundi amechanganya mambo mawili. Dari jeupe linaokoa umeme, ndiyo. Kumulika juu tu hakuokoi. Hata rangi nyeupe nzuri hurudisha karibu asilimia 80 ya mwanga, unaobaki unaishia darini, kisha kuta na sakafu nazo zinachukua chao kabla meza haijapata kitu.

Tupige hesabu. Meza ya kusomea na kuandika inahitaji laksi 500 (laksi ni lumeni moja, yaani kipimo cha wingi wa mwanga, kwa kila mita ya mraba). Kwa mita za mraba 96, hiyo ni lumeni 48,000 zinazotakiwa kufika mezani. Nimechukua LED ya lumeni 110 kwa wati na kuacha akiba ya vumbi na uchakavu. Haya ni makadirio, lakini picha inaonekana:

Taa za sasa pamoja na choki: wati 1,800.
Paneli chini ya dari la kahawia: karibu 1,000.
Kumulika juu tu: karibu 1,360.
Mchanganyiko: karibu 670.

Hilo la tatu linashinda kwa sababu chumba kizima hakihitaji laksi 500. Mazingira yanatosha kwa 300, zinazobaki zinatoka kwenye taa ya mezani ya wati 8. Kwa saa 10 za siku ya kazi, siku 22 kwa mwezi, unashuka kutoka uniti 4,750 hivi kwa mwaka hadi 1,770. Piga kwa shilingi 350 ya uniti uone mwenyewe. Tena kila wati ya taa inageuka joto ambalo AC inalipiwa kulitoa, na Dar hakuna msimu wa kuizima.

Zainab_Msa
Kaka Mhandisi, hesabu nakubali, ila usiutupe mwanga wa dari hivyo. Mimi nafanya kazi ya kuchora kwenye kompyuta hapa Mombasa. Chini ya paneli, zile pande nne zinazong'aa naziona ndani ya skrini siku nzima na jioni kichwa kinauma. Mwanga unaotoka darini ni mtulivu, hata kivuli cha mkono hakionekani. Mtu anayeumwa macho akiwasha taa ya ziada, akiba imekwenda wapi?

Mhandisi_Nuru
Dada Zainab, ni kweli kabisa, ndiyo maana sipendekezi la kwanza. Kwenye mchanganyiko, nusu au zaidi ya mwanga uende juu.

Rangi_na_Jipsamu
Mimi ni fundi wa dari. Msipake rangi ya gloss. Watu hudhani inayong'aa ndiyo inarudisha mwanga zaidi, kumbe inaonyesha umbo la taa kama kioo na kuchoma macho. Chukua nyeupe isiyong'aa. Hizo mbao zikwanguliwe vanishi kwanza kwa msasa, zipate praima ya kuzuia madoa, la sivyo ukahawia utajitokeza tena. Kama AC inadondosha maji darini, itengenezwe kabla ya rangi. Na taa zinazotazama juu hukusanya vumbi, za barabara ya Posta hasa. Yule anayefagia apewe ngazi na kitambaa, zifutwe kila baada ya miezi michache.

Achi_Kasarani
Wadau, mbona hakuna aliyeuliza madirisha? Jengo la UNEP na UN-Habitat, mashirika ya Umoja wa Mataifa, pale Gigiri, Nairobi, lililofunguliwa 2011, lilipangwa kuanzia mwanga wa jua, ndipo zikaja taa. Madirisha yako yanatazama wapi?

Mtaa_wa_Posta
Kaskazini, upande mrefu wote.

Achi_Kasarani
Bahati yako. Dar, kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri huwa kaskazini. Funga ubao mweupe wa kulala ndani ya dirisha, juu ya usawa wa macho, jua lipige juu yake na kurushwa darini. Dari jeupe litaupeleka mwanga hadi meza za katikati. Kwa dirisha la magharibi nisingekushauri, jua la jioni linapita chini ya ubao.

Mtaa_wa_Posta
Basi tunakwenda na la tatu, pamoja na huo ubao. Fundi umeme anakuja Jumatatu, nimwambie nini cha kwanza?

Mhandisi_Nuru
Agawe swichi kwa mistari inayofuata dirisha. Sasa hivi nadhani swichi moja inawasha chumba chote. Mstari wa dirishani ukiwa na swichi yake, utakaa umezimwa saa nyingi za mchana. Afanye hivyo kabla rangi haijapakwa, asije akatoboa dari jipya.