Visa kufutwa kwa kifungu cha 501 Australia: kwenda Mahakama ya Shirikisho

Ndugu zangu, kuna mwenzetu aliyehukumiwa miezi 14. Visa imefutwa akiwa gerezani kwa kifungu cha 501 cha Sheria ya Uhamiaji (kinahusu tabia na rekodi ya jinai), ombi la kuirudisha nalo limekataliwa. Aanzie wapi?

—

Pole sana, dada. Angalieni kwanza nani katia saini uamuzi wa kukataa ombi. Kama ni ofisa wa wizara, mwenzenu ana siku 9 tangu kuarifiwa kwenda ART (Administrative Review Tribunal, baraza linalopitia upya maamuzi ya serikali), na hazina nyongeza. ART hupima shauri lote upya. Kama ni waziri mwenyewe, ART haimhusu. Kilichobaki ni Mahakama ya Shirikisho, siku 35. ART ikimkatalia, ni huko huko pia. Siku zinahesabiwa kuanzia tarehe iliyoandikwa kwenye uamuzi au notisi, si siku karatasi ilipomfikia. Akichelewa, aombe nyongeza kwa maandishi na aeleze sababu.

Wengi wanapopotea ni hapa: jaji haamui kama mtu amebadilika. Kukusanya barua mpya za mchungaji na mwajiri ni kupoteza siku. Jaji anaangalia kama aliyeamua alifuata sheria.

Kwa hiyo wekeni maelezo aliyopeleka wizarani upande huu, sababu za uamuzi upande ule, mpitie hoja moja moja. Tuseme aliandika kwamba mtoto wake hasikii vizuri na yeye ndiye humpeleka kliniki. Sababu zinasema tu "ana watoto wawili". Andikeni namba ya aya, hapo pana hoja. Katika kesi ya Plaintiff M1 ya mwaka 2022, Mahakama Kuu (ndiyo ya juu kabisa Australia) ilisema aliyeamua lazima ayasome maelezo, ayatambue, ayaelewe na kuyapima. Ila muonyeshe pia kwamba bila kosa hilo uamuzi ungeweza kuwa mwingine. "Hawakumhurumia" si hoja ya kisheria, hata kama inauma.

Akishinda, uamuzi unatenguliwa na shauri linaamuliwa upya. Visa hairudi siku hiyo. Akishindwa, kwa kawaida anabebeshwa gharama za wakili wa waziri.

—

Naongezea, kaka. Kufungua kesi hakumtoi kizuizini wala peke yake hakuzuii kusafirishwa. Wakili wake awaulize wizara kwa maandishi kama watasubiri hukumu. Wakikataa, aombe haraka amri ya mahakama ya kuzuia asisafirishwe. Aliye kizuizini husamehewa ada ya mahakama.

Na kama bado yuko ART: nyaraka zake zimfikie waziri angalau siku 2 za kazi kabla ya kusikilizwa. Zikichelewa, baraza haliruhusiwi kuzizingatia, hata ziwe nzito namna gani.