Shokapu mpya, linki mpya, mbele kushoto bado inapiga kong kong

Mtelezo
Wakuu habari zenu, naombeni msaada maana hii gari itanirudisha kutembea kwa miguu. Ni gari ndogo inavuta mbele, shokapu za mbele ni zile zinazokaa ndani ya springi (MacPherson). Miezi miwili nyuma ilianza kugonga mbele kushoto, kong kong kong, nikiwa spidi 20 mpaka 30 kwenye vishimo vidogo vidogo, nikikimbia zaidi siisikii, labda upepo unaifunika sijui. Fundi akasema shokapu zimekufa, nikanunua mbili za mbele zikafungwa. Nikatoka gereji na tabasamu, kona ya kwanza tu kong. Nikarudi, akasema basi ni linki za stabilaiza (vile vifimbo vinavyoishika stabilaiza, kile chuma kinachozuia gari kulala kwenye kona), tukafunga mpya zote mbili. Bado inagonga! Sasa hivi anataka tutoe am nzima (ule mkono wa chini unaoshika gurudumu) na boli jointi (kiungo cha mwisho wake) na mi hapo nimegoma, si kwamba simwamini ila naona kama tunanunua gari upya kipande kwa kipande. Usukani hauvuti upande, tairi zinalika sawa, hakuna kinachovuja. Kuna alieshawahi kukutana na kitu kama hiki?

Gia Tano
Mkuu fundi wako yuko sahihi toa am, boli jointi si kitu cha kuchezea, ikichomoka tairi inalala chini ya gari na hapo huna usukani tena. Mi yangu iligonga hivyohivyo nikapuuza wiki mbili, namshukuru Mungu ilichomoka narudi nyuma kwenye maegesho.

Grisi Mkononi
@Gia Tano hatari ya boli jointi ni kweli kabisa ila ndo maana inapimwa, hainunuliwi kwa kubahatisha. Mtelezo fanya hivi, inua mbele kwa jeki, weka stendi chini ya chasi (usiiamini jeki peke yake hata dakika moja), shika tairi juu na chini uitikise, moja isukume nyingine ivute. Wale wa kwenye video wanasema saa 12 na saa 6 na kuna watu huwa wanauliza ni saa za wapi, haina shida, ukihesabu kwa Kiswahili au kwa kizungu mikono inaishia palepale 😂. Ikicheza, mwambie mtu akanyage breki halafu tikisa tena. Mchezo ukiisha ni beringi, ukibaki angalia boli jointi au juu kwenye mauntingi (kishikio cha juu) ya shokapu. Kisha shika kushoto na kulia, hapo ikicheza ni tairodi au rakiendi, vile vyuma vya usukani. Boli jointi yenyewe ipekenyue na mtaimbo mdogo kati ya am na ile nako, chuma kinachobeba gurudumu, ukiona inapanda na kushuka basi hiyo imekwisha, ila ikiwa ngumu na buti lake (kiraba kinachoifunika) halijapasuka usiiguse.

Kingine ambacho watu wanasahau, pita kwenye hivyo vishimo huku umegusa breki kidogo sana, kama unaibembeleza. Kelele ikikata ni pedi au pini za kalipa (ile inayobana pedi za breki) zinacheza, na wala si suspensheni. Nimeona watu wamebadili mguu mzima kumbe ni kijipini cha kalipa kimekauka grisi.

Mtelezo
Asanteni. Nimefanya leo asubuhi na shemeji yangu. Juu na chini hakuna kitu, kushoto na kulia hakuna kitu, boli jointi ngumu kama jiwe na buti zima. Breki nimeibembeleza mpaka wa nyuma yangu akanipigia honi, inagonga vilevile. Nazidi kuchanganyikiwa.

Kimyakimya
Sivii jointi hiyo.

Grisi Mkononi
@Kimyakimya hapana ndugu, sivii ya nje (kiungo cha ekseli inayozungusha tairi) inalia tak tak tak ukikata usukani mpaka mwisho huku unakanyaga mafuta. Haisubiri shimo.

Mama Spana
Mtelezo mwanangu, kabla hujagusa kitu kingine nijibu maswali mawili. La kwanza, hiyo kelele unayoisikia leo ni ILEILE ya miezi miwili nyuma au unaiita ileile kwa sababu inatokea upande uleule? La pili, ukipita tuta lililokatiza barabara nzima, tairi zote mbili zinapanda kwa pamoja, inagonga? Na zamani kabla ya shokapu mpya ilikuwa inagonga hapo kwenye tuta?

Mtelezo
Shikamoo mama. Duh. Umenikalisha chini. Nimetoka saa hii kwenda kupita tuta makusudi. Inagonga, tena mara moja tu, KONG, pale tairi zinaposhuka upande wa pili. Zamani kwenye matuta ilikuwa kimya, nakumbuka vizuri kabisa maana nilikuwa namwambia wife mbona kwenye tuta haigongi inagonga kwenye vishimo tu. Na sauti sasa ni nzito, ya zamani ilikuwa nyepesi kama mtu anagonga bomba.

Mama Spana
Marahaba. Basi ulikuwa na ugonjwa mmoja ukatibiwa, na katika kutibiwa ukaambukizwa wa pili.

Stabilaiza inafanya kazi pale tairi moja inapopanda na nyingine imebaki chini. Zikipanda zote kwa pamoja kile chuma kinazunguka tu kwenye bushi zake (raba zinazokishika), linki hazivutwi. Ndiyo maana linki iliyokufa inapiga kelele kwenye vishimo vya upande mmoja na kwenye tuta inanyamaza. Kwahiyo ile kelele yako ya kwanza ilikuwa linki, shokapu ulinunua bure pole sana. Hii ya sasa inagonga tairi zikishuka, maana yake shokapu inaponyooka kuna kitu kinavutwa chini halafu kinagota. Na imeanza siku zilipofungwa shokapu mpya. Mi nisingegusa am. Ningefungua boneti.

Gia Tano
Lakini mama si angetoa linki zote mbili kwanza aendeshe polepole bila linki, kelele ikiisha ajue ni huko? Mi ndo huwa nafanya hivyo.

Mama Spana
Ni njia nzuri na mi naitumia, ila linki zake ni mpya na tuta limeshajibu. Na anayejaribu hivyo asikate kona kwa kasi, gari inalala ubavu kuliko alivyozoea. Halafu anayepima linki kwa mkono asiinue tairi moja, ainue zote mbili au aziache zote chini. Ukiinua moja kile chuma kinajikunja kinaibana linki, unaitikisa unaona ngumu unasema nzima kumbe imeoza.

Mtelezo gari ikiwa imesimama chini kwa tairi zake, zima injini, fungua boneti, toa kile kikofia juu ya shokapu ya kushoto. Utaona nati ya katikati. Weka kidole juu ya nati kiguse na mauntingi pembeni yake, mwambie shemeji aikandamize kona ile ya gari kwa nguvu aiachie ghafla, mara tatu nne. Akimaliza apande azungushe usukani mwisho mpaka mwisho. KUGUSA tu. Usithubutu kuifungua hiyo nati, na hasa gari ikiwa kwenye jeki, chini yake kuna springi iliyobanwa na ikifyatuka hairushi vyuma tu inaua mtu.

Mtelezo
Mama Spana nipo nimeinama hapa na simu mkono mmoja. Nati ya kulia imetulia, kidole hakihisi kitu. Ya kushoto INARUKA. Si sana, kama unene wa kucha, lakini akiachia gari ikipanda nahisi shafti inashuka na kugota, kong, kwenye kidole kabisa. Shemeji ameisikia akiwa nje. Ila nimejaribu kuikaza kwa spana haiendi hata kidogo, imekaza kabisa! Inawezekanaje nati imekaza na bado inacheza?

Grisi Mkononi
Aaah nimeshaielewa hiyo. Kuna wosha nene au kibushi cha chuma kinakaa chini ya nati. Kikisahaulika nati inashuka mpaka uzi unaishia, inakaza kwenye shafti, ukiigusa unaona iko fiti lakini haijaibana mauntingi. Fundi akitumia mashine ya upepo ndo kabisa, inapiga trrrr inasimama anajua tayari. Inatakiwa ushike shafti kwa alenki (ufunguo wa pembe sita) huku unakaza nati kwa spana ya mkono, hapo mkono wenyewe unakwambia kama imebana kitu au imefika mwisho wa uzi. Linganisha na ya kulia, uzi uliotokeza juu ya nati unalingana?

Mtelezo
Haulingani. Kushoto umetokeza zaidi.

Mama Spana
Shokapu za zamani unazo?

Mtelezo
Zipo kwenye buti nyuma ya gari, nilisema nitazitupa sijazitupa. Ngoja.

Ipo. Wosha ipo kwenye shafti ya shokapu ya zamani ya kushoto, imeng'ang'ania kwa kutu na vumbi mpaka inafanana na shafti yenyewe, nimeigonga na bisibisi ndo ikazunguka. Ya kulia haina, ile aliitoa.

Mtelezo
Mrejesho wakuu. Nimeenda gereji na wosha yangu mfukoni, fundi akaiangalia kama dakika nzima hakusema kitu, kisha akakubali kuirudia bila maneno, kwa hilo nampa heshima. Amefungua mguu (shokapu na springi yake), akabana springi na vile vibanio viwili, nati, wosha, alenki, kaza. Nikamkumbusha kuhusu bolti zilizopita kwenye bushi za am maana alikuwa amezilegeza ili atoe mguu.

Mama Spana
Alizikaza gari ikiwa juu au chini?

Mtelezo
Alitaka kukaza ikiwa juu, nikamwambia ishushe kwanza ikalie uzito wake. Nilisoma mahali kwamba ukikaza ikiwa inaning'inia raba inabaki imejisokota muda wote na inapasuka mapema. Matuta nimepita, vishimo nimepita, ule wa mbele ya kiwanda ambao huwa naukwepa nimeuingia makusudi. Kimya.

Gia Tano
Hongera mkuu. Na mi nafuta maneno yangu ya am 🙏

Kimyakimya
Zile shokapu za zamani ukizikandamiza shafti inarudi?

Mtelezo
Sikutaka mtu aniulize hilo. Nimezisimamisha sakafuni nikazikandamiza zote mbili kwa kiganja. Ngumu mwendo wote, hakuna pa kudondokea, na nikiachia zinapanda zenyewe taratibu mpaka juu. Kavu, hata tone la mafuta hakuna. Nimezifunga kwenye gunia nimeziweka stoo nyuma ya ngazi, na wife sijamwambia.