Hamilton na Burr: nani hasa alikuwa bendera fuata upepo?

Wakuu, hapa Dodoma kwenye kundi letu la wapenda maigizo tunabishana kuhusu Hamilton, tamthiliya ya muziki ya Lin-Manuel Miranda iliyoanza kuonyeshwa New York mwaka 2015. Inahusu mahasimu wawili wa siasa za Marekani ilipokuwa taifa changa, Alexander Hamilton na Aaron Burr. Wenzangu wengi walioiona kwenye video wanasema Hamilton ndiye kiongozi wa kweli, Burr ni mnafiki asiye na msimamo. Napinga.

Jukwaani tofauti yao imechorwa vizuri mno. Wote ni yatima. Hamilton katoka visiwa vya Karibi hana jina wala mali, basi anakimbia: anaandika usiku kucha, anamjibu kila mtu, hakubali kunyamaza. Burr ni mjukuu wa mchungaji maarufu, kamaliza chuo ana miaka 16. Huyu ana cha kupoteza, kwa hiyo anatabasamu, anasubiri, anayoyaamini anabaki nayo moyoni. Na Miranda kafanya jambo la akili sana: usimulizi kampa Burr. Aliyemuua Hamilton kwenye pambano lao la bastola ndiye anayetusimulia, na maumivu yake tunayaona.

Ila huyo ni Burr wa jukwaani. Mwaka 1785, akiwa kwenye bunge la New York, Burr halisi alitaka utumwa ukomeshwe mara moja, ingawa mwenyewe alimiliki watumwa. Burr pia alimsomesha binti yake Theodosia Kilatini na Kigiriki, elimu ambayo enzi hizo waliachiwa wavulana. Mtu asiye na msimamo hafanyi hayo. Hamilton naye, mwaka 1797, alichapisha kijitabu akikiri uzinzi wake ili ajisafishe na tuhuma za fedha, akamwaibisha mkewe Eliza mbele ya nchi nzima. Huo ndio ukweli tunaoupigia makofi?

Halafu kwenye igizo, uchaguzi wa rais wa 1800 unatupeleka moja kwa moja kwenye pambano la bastola. Kiuhalisia ilipita miaka kama minne. Burr alikuwa makamu wa rais, akashindwa ugavana wa New York mwaka 1804, ndipo maneno ya Hamilton dhidi yake yakatoka gazetini. Ukiiruka miaka hiyo, Burr anabaki mtu mwenye wivu tu.

Nalileta hapa kwa sababu kesho mwanafunzi wa sanaa pale Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) anaweza kuandika tamthiliya ya Mwalimu Nyerere na Oscar Kambona, aliyekuwa waziri wake. Rahisi ni kumfanya Kambona msaliti aliyekimbilia London mwaka 1967. Lakini jeshi lilipoasi Januari 1964, Kambona ndiye aliyekwenda kuzungumza na askari. Tukio hilo likikatwa ili pambano linoge, watoto wetu watamjua Kambona nusu, na Mwalimu pia nusu.

Mnaosema mwandishi wa jukwaa ana uhuru wa kubadili tabia ya mtu aliyeishi kweli, leteni hoja: uhuru huo unaishia wapi?