Mrejesho: Mpangaji anayewasumbua majirani

Ndugu zangu, niliomba ushauri kuhusu mpangaji wa nyumba yangu ya Leicester, aliyekuwa akipiga muziki hadi alfajiri na kuwatukana majirani. Nawashukuru sana mlionizuia kubadilisha kitasa, kwani sheria ya Uingereza ya mwaka 1977 inayowalinda wapangaji dhidi ya kufukuzwa kiholela inalihesabu hilo kuwa kosa la jinai. Mwanasheria alitumia sababu ya 14 ya Sheria ya Nyumba ya 1988, inayohusu kero, ambayo humwachia jaji kupima kama ni haki kumwondoa mtu. Kilichotubeba ni daftari la mama jirani, lenye tarehe, saa na matusi yenyewe neno kwa neno. Amri ya kurejeshewa nyumba imetolewa, ila utekelezaji wake umesitishwa maadamu mpangaji ataacha kero. Nami nimeridhika, kwa kuwa ana watoto wadogo.