Tupeane uzoefu: Dawa za upara wa wanaume, kuchanganya au kushika moja?

Mwenye mada, Nakuru

Wadau wa Nakuru, Kisumu na Magharibi yote, karibuni. Swali linalorudi kila mara kwenye kemisti na kwenye viti vya vinyozi ni hili: mwanaume ambaye nywele zinarudi nyuma kwenye paji au zinapungua utosini, achanganye dawa mbili tatu au ashike moja kwanza? Naomba waandike wanaoifahamu kazi hii: kipimo, muda, namna ya kupaka, na pale mambo yanapoharibikia. Bei tuziache, kila duka lina yake.

Mfamasia wa Kondele, Kisumu

Huwezi kuchanganya kabla hujajua kila dawa inafanya nini. Upara wa kurithi unatokana na homoni ya DHT, ambayo mwili huitengeneza kutoka kwa testosteroni. Vifuko vya nywele vya paji na utosi, kwa aliyerithi hali hii, husinyaa kila mzunguko wa nywele. Unywele unatoka mwembamba na mfupi zaidi, hadi siku moja hauonekani tena. Vya kisogoni havisumbuliwi na DHT, ndiyo maana mzee mwenye upara hubaki na ukingo wa nywele nyuma na pembeni.

Finasteraidi, miligramu 1 kwa siku, hushusha DHT ya damu kwa takriban asilimia 70. Dutasteraidi, miligramu 0.5, hushusha zaidi ya asilimia 90. Hii ya pili nchi nyingi zimeiruhusu kwa tezi dume tu. Korea Kusini na Japani ni miongoni mwa zilizoiruhusu kwa nywele pia. Minoksidili haigusi DHT hata kidogo. Ilianza kama kidonge cha presha, wagonjwa wakaota nywele mwilini, kisha ikatengenezwa ya kupaka. Marekani iliruhusu ya kupaka ya asilimia 2 mwaka 1988, na finasteraidi ya nywele mwaka 1997.

Mchanganyiko wenye maana basi ni wa dawa mbili zenye kazi tofauti, moja ikizuia kisababishi na nyingine ikisukuma nywele zikue. Finasteraidi pamoja na dutasteraidi ni kazi ileile mara mbili, unaongeza madhara bure. Na mzee anayemeza finasteraidi ya miligramu 5 kwa ajili ya tezi dume tayari ana dozi ya nywele mara tano. Asiongezewe kidonge kingine. Akitaka kuongeza, aongeze minoksidili ya kupaka.

Je, kuchanganya kunasaidia kweli? Utafiti uliochapishwa China mwaka 2015, wa wanaume 450 kwa miezi 12, uliona nafuu kwa asilimia 59 ya waliotumia minoksidili peke yake, asilimia 80.5 ya finasteraidi peke yake, na asilimia 94.1 ya waliotumia zote mbili. Soma vizuri: finasteraidi peke yake tayari imefika mbali. Nyongeza ipo, lakini haifanani na tofauti ya kuwa na dawa na kutokuwa nayo.

Kinyozi wa Kaptembwo, Nakuru

Kabla ya chupa yoyote, angalieni ramani ya kichwa. Upara wa kurithi una njia zake mbili: pembe za paji zinapanda, au duara linafunguka utosini, na mwishowe hukutana. Ngozi inabaki laini, haiumi, haina magamba. Yasiyofuata njia hiyo si ya dawa hizi.

Kipara cha duara kama shilingi kilichotokea ghafla, ngozi yake nyororo, ni ugonjwa mwingine na unatibiwa na daktari wa ngozi. Magamba na nywele zilizokatikia juu ya ngozi, hasa kwa mtoto, ni mashilingi ya kuvu. Vipele vigumu kisogoni vinavyoacha makovu huchochewa na kunyoa chini kabisa. Huyo anahitaji mashine iachwe juu na apelekwe kliniki, kwa sababu kovu likishakaa kifuko cha nywele kimekufa na hakuna minoksidili itakayokifufua. Anayesuka au kufunga dredi kwa kuvuta, ukingo wa paji na wa masikioni ndio unaoondoka. Alegeze kwanza.

Na hapa kwetu Nakuru niseme wazi: floraidi ya maji yetu inaharibu meno, lakini haileti upara wa ramani hii. Helmeti ya boda pia hailetei mtu upara wa kurithi.

Afisa wa kliniki, Kakamega

Naongeza moja ambalo huku Magharibi linapotosha wengi. Nywele zinazotoka kwa wingi kichwa kizima, miezi miwili mitatu baada ya malaria kali, homa ya matumbo au upasuaji, zimeshtuliwa na homa. Hurudi zenyewe. Mtu akianza dawa tatu wakati huo, atazisifu dawa kwa kazi ambayo mwili umeifanya, kisha atazimeza miaka. Pima pia damu kama imepungua, tezi ya shingo, na kaswende ikiwa nywele zinatoka mabaka mabaka kama zilizoliwa na nondo.

Kwa walio kwenye ARV: dawa zenye ritonaviri huzuia ini kuvunja dutasteraidi, ikajikusanya mwilini. Mwambieni mtoa dawa orodha yote, hata ile mnayoificha. Hapa siri inaumiza.

Mfamasia wa Kondele, Kisumu

Daktari amesema kweli. Dutasteraidi hukaa mwilini muda mrefu mno: nusu yake huchukua kama wiki tano kutoka, wakati nusu ya finasteraidi hutoka kwa saa 5 hadi 6. Ukipata madhara, finasteraidi unaiacha na inaondoka upesi. Dutasteraidi utakaa nayo miezi. Kwa sababu hiyo peke yake sishauri mtu aanze na dutasteraidi.

Madhara yenyewe: hamu ya tendo kupungua, uume kulegea, manii kupungua. Katika majaribio ya miligramu 1, waliopungukiwa hamu walikuwa asilimia 1.8, na waliomeza kidonge kisicho na dawa asilimia 1.3. Ni wachache, lakini wapo, na baadhi huripoti kuwa hali iliendelea hata baada ya kuacha. Mwaka 2025 shirika la dawa la Ulaya lilithibitisha kuwa mawazo ya kujiua ni moja ya madhara yake. Aliyewahi kuugua sonona aseme kabla ya kuandikiwa, na anayebadilika moyo akiwa anameza aache na arudi kwa daktari siku hiyohiyo.

Mfamasia wa Bungoma

Nakubali mengi, ila wale wanaoshauri "moja kwanza miezi sita, kisha uongeze" siafikiani nao. Kijana wa miaka 24 ambaye utosi unafunguka haraka hana miezi sita ya kupoteza. Kifuko kilichosinyaa kabisa hakirudi. Dawa hizi zinalinda kilichopo kuliko zinavyorudisha kilichokwenda, kwa hivyo huyu aanze zote mbili.

Mfamasia wa Kondele, Kisumu

Ndugu wa Bungoma, hoja ya haraka naikubali. Lakini zikianza siku moja na moyo ukaanza kudunda au hamu ikapotea, utaacha ipi? Kuna njia katikati. Faida huchelewa, madhara mengi huwahi. Hakuna haja ya kusubiri miezi sita, wiki nne hadi nane zinatosha kuona kama mwili umeipokea dawa ya kwanza, kisha ongeza ya pili. Kijana wako hajapoteza kitu.

Ipi itangulie? Asiye na tatizo la finasteraidi, itangulie hiyo. Anayetafuta mtoto, mwenye historia ya sonona, au aliye chini ya miaka 18, finasteraidi isianze bila daktari. Kwa watu wazima hao minoksidili ya kupaka peke yake ni matibabu halali kabisa, wala si ya daraja la pili.

Mfamasia wa Bungoma

Wiki nne hadi nane nazipokea. Niongeze la kukata vidonge. Wengi hununua cha miligramu 5 na kukikata mara nne, sawa na miligramu 1.25 kila kipande. Vipande havitoki sawa, na hilo halidhuru sana, kwa sababu hata miligramu 0.2 hushusha DHT karibu sawa na 1. Hatari iko kwenye unga. Mjamzito asiguse kidonge kilichovunjika, kwani dawa huweza kuharibu maumbile ya mtoto wa kiume tumboni. Kikatie mbali na meza ya chakula, tumia kikatio cha vidonge badala ya kisu cha jikoni, na futa ulipokatia.

Muuguzi wa ngozi, Mamboleo, Kisumu

Dawa nyingi hushindwa kwenye kupaka. Minoksidili ya maji ya asilimia 5 ni mililita 1 asubuhi na mililita 1 jioni. Chupa ya mililita 60 basi inakwisha kwa siku 30. Ikikudumu miezi miwili, unapaka nusu dozi, usiilaumu dawa.

Ngozi iwe kavu. Kwa nywele zetu za kipilipili dawa hushikwa na nywele kabla haijafika chini, kwa hivyo fungua nywele kwa vidole, gusisha ncha ya dropa kwenye ngozi, toa tone, sogea. Au nyoa kwa kichanio namba 1 au 2. Usipake juu ya wembe wa siku hiyo: ngozi yenye michubuko hunyonya dawa nyingi kuingia kwenye damu. Mafuta ya nywele yaje baadaye, yasitangulie. Nawa mikono. Acha saa 4 zipite kabla ya kuoga kichwa.

Joto la Kisumu lina shida yake. Jasho la mchana hubeba dawa hadi usoni, na nywele huota kwenye mashavu na paji. Mwenye boda apake asubuhi na mapema, ikauke kabisa ndipo avae helmeti, na ya jioni apake saa mbili au zaidi kabla ya kulala, mto usiifute. Dawa ina pombe, usiipake karibu na jiko linalowaka. Mwenye paka nyumbani awe makini zaidi: minoksidili kidogo tu anayoilamba kwenye mto au kichwani huweza kumuua.

Ukiwashwa na ngozi ikatoa magamba, mara nyingi kinachowasha ni propilini glaikoli iliyo kwenye maji, si minoksidili yenyewe. Ya povu haina. Badilisha kabla ya kuacha.

Halafu wiki ya pili hadi ya nane nywele hutoka zaidi kuliko mwanzo. Nywele zilizokuwa zimelala zinasukumwa na zinazoanza upya. Hapo ndipo wengi huacha, na wanaacha wakati dawa imeanza kazi. Hukumu ni mwezi wa sita, na hukumu kamili ni mwezi wa 12.

Kinyozi wa Kaptembwo, Nakuru

Piga picha kabla ya kuanza na kila baada ya miezi mitatu: dirisha lilelile, nywele zimenyolewa kwa namba ileile, siku ileile baada ya kunyoa. Kioo hudanganya, na ukinyoa nywele kwa urefu tofauti picha nazo zitadanganya.

Mwenye mada, Nakuru

Na roli ya sindano (kigurudumu chenye sindano ndogo za kuchoma ngozi ya kichwa), shampuu ya ketokonazoli, na minoksidili ya kumeza?

Muuguzi wa ngozi, Mamboleo, Kisumu

Roli: utafiti wa India wa mwaka 2013 ulitumia sindano za milimita 1.5 mara moja kwa wiki pamoja na minoksidili, na nywele ziliongezeka kuliko kwa minoksidili peke yake. Siku ya roli dawa haikupakwa, ilirudi baada ya saa 24. Lakini anayeota makovu makubwa ya kuvimba asiguse roli. Na roli ya kinyozi inayopita kichwa hadi kichwa ni njia ya homa ya ini na virusi vya UKIMWI. Kuichovya kwenye spiriti hakuisafishi. Iwe yako peke yako au isiwepo.

Shampuu ya asilimia 2, mara mbili kwa wiki, dakika 3 hadi 5 kisha suuza. Inafaa mwenye mba. Kwa upara peke yake ushahidi ni mdogo, na inakausha nywele zetu. Vidonge vya ketokonazoli kwa ajili ya nywele visimezwe kabisa, vinaweza kuumiza ini.

Afisa wa kliniki, Kakamega

Minoksidili ya kumeza kwa wanaume huwa miligramu 2.5 hadi 5, na ni ya kuandikiwa baada ya kupimwa presha na moyo. Miguu huvimba, moyo hudunda, nywele huota mwili mzima. Wengi wa presha huku wanameza amlodipini, nayo huvimbisha miguu. Mkizichanganya hamtajua iliyofanya ni ipi. Na ukiianza ya kumeza, ya kupaka iache.

Mwanaume wa miaka 40 na kuendelea apime PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, kabla ya finasteraidi. Ikishamezwa miezi sita, kipimo hushuka karibu nusu, na daktari asiyeambiwa atasema tezi ni nzima wakati sivyo. Damu pia usichangie: viwango vya Marekani ni kusubiri mwezi 1 baada ya kuacha finasteraidi na miezi 6 baada ya kuacha dutasteraidi.

Mfamasia wa Bungoma

Tafadhali msinunue chupa isiyo na jina la mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya kuisha. Zipo zinazoongezewa steroidi, ngozi inakonda na kuwa nyekundu. Na "asilimia 15" haijathibitishwa kushinda asilimia 5.

Mwenye mada, Nakuru

La mwisho kwa mfamasia wa Kondele: pesa zikipungua na lazima moja iachwe?

Mfamasia wa Kondele, Kisumu

Aliyeivumilia finasteraidi aibakishe, aache minoksidili. Ajue tu kuwa nywele zilizoletwa na minoksidili zitatoka ndani ya miezi michache, na kichwa kitarudi kilipokuwa kwa finasteraidi peke yake. Akiacha finasteraidi na kubaki na minoksidili, DHT inarudi kazini, na ndani ya mwaka alichokilinda kitakuwa kimeanza kwenda hata kama anapaka kila siku. Asipunguze zote mbili nusunusu. Minoksidili mara moja moja kwa wiki ni pesa iliyomwagwa.